Changarawe za Mwezi wa Tatu

Mwezi wa tatu huko Jakobsberg, mji wa kando ya Stockholm, ni mwezi mwongo. Mchana jua linawaka mpaka watu wanafungua makoti, theluji iliyorundikwa kando ya njia tangu Krismasi inayeyuka na kuacha uchafu wake wote hadharani, na maji yanatiririka kwenye lami. Kukicha, maji yale yale yamekuwa barafu, na anayetoka mlangoni bila kuangalia anakwenda chini. Wenyeji wanaujua uongo huo tangu utotoni. Mama Orpha alikuwa na miezi minne tu tangu atoke Uvira, na hakuna aliyemwambia.

Tuseme mapema, ili lawama ikae mahali pake: wa kumwambia alikuwa Fidèle, mwanawe. Fidèle alikuwa mtunza majengo. Alizoa theluji, alibadilisha taa za ngazi, alitoa takataka, na zaidi ya yote alimwaga changarawe kwenye njia zote za majengo manne ili watu wasiteleze. Ni kazi halali, na bora kuliko nyingi alizopitia tangu afike Sweden. Lakini kwenye simu, kila Jumapili, alikuwa akimwambia mama yake, "Nasimamia majengo manne." Mama Orpha alilipeleka neno hilo kanisani, likashangiliwa. Basi mama alipofika mwezi wa kumi na moja, Fidèle akawa anaondoka kabla ya saa kumi na mbili, gizani, anaanza na ua wa nyumbani wakati mama bado amelala, kisha anavuka barabara kwenye majengo mengine. Nguo za kazi alizivua chini kwenye ghala. Alirudi nyumbani na shati safi kama karani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya majaribio ya miezi sita, na majaribio yalikuwa yanaisha tarehe thelathini na moja ya mwezi huo wa tatu, mwaka 2010. Akipita, anaandikwa moja kwa moja, na aliyeandikwa moja kwa moja anaweza kupewa nyumba kwa jina lake. Asipopita, hakuna. Nao walikuwa wanaishi katika nyumba ya Valéry, Mrundi aliyewapisha alipohamia Tumba, na Valéry alishasema tarehe mosi ya mwezi wa nne anarudi na mke wake. Hakuwa na ubaya. Nyumba ni yake.

*

Jumanne moja ya katikati ya mwezi huo jua lilitoka kwelikweli. Mama Orpha alisimama dirishani akautazama ua wa majengo ya mwanawe, na aibu ikamshika. Theluji ilikuwa imeondoka na kuacha vijiwe vyeusi kila mahali, mbele ya kila mlango, kama watu waliohama usiku. Mjukuu wake Natacha, wa miaka kumi, aliviingiza ndani kwa viatu kila alasiri.

"Mama Natacha," alimwita mkaza mwanawe, "hapa inje nani anafagiaka?"

Laurentine alikuwa anafunga kamba za viatu. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na zamu ilikuwa inaanza saa tatu. "Ni kampuni, Mama. Acha nikimbie, basi itaniacha."

"Kampuni si ni Fidèle?"

Lakini mlango ulikuwa umeshafungwa.

Kwao Uvira, jua likiukuta ua haujafagiliwa, wapita njia wanajua mle ndani hakuna mwanamke. Mama Orpha alifagia ua akiwa na homa, alifagia siku aliyomzika mumewe, na katika kambi ya wakimbizi alifagia mbele ya hema la turubai kama vile ni ikulu. Sasa mwanawe alikuwa na majengo manne, na mlangoni pake palikuwa pachafu kuliko njia ya ng'ombe. Alikata vijiti vya kichaka, akavifunga kwa kitambaa, akashuka. Alifagia Jumanne na Jumatano, mgongo umeinama, mkono mmoja kiunoni, vile alivyofundishwa na mama yake. Changarawe zote alizizoa kwa sufuria na kuzirudisha katika sanduku la njano lililokuwa kando ya njia, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa mali ya wengine.

Watu walipita. Wengine walitabasamu. Gunnel, bibi wa ghorofa ya tatu aliyezoea kumpungia mkono, alisimama akamtazama kwa muda, akatikisa kichwa, akasema maneno mengi na kunyoosha kidole mbinguni. Mama Orpha akaelewa kuwa anamshukuru Mungu kwa jua. Naye akanyoosha kidole juu, akasema, "Amina." Gunnel akapanda kwake, akarudi na glavu za sufu, akamvalisha mwenyewe, kidole kwa kidole. Hawakuwa na hata neno moja la pamoja, wakacheka.

Usiku wa Jumatano baridi ilirudi, kali, digrii tisa chini ya sifuri.

*

Alhamisi alfajiri Fidèle hakuanza na ua wa nyumbani. Mlango wa gereji ya jengo la tatu ulikuwa umegandishwa na barafu na watu walishaanza kupiga simu, kwa hiyo alikwenda huko kwanza. Hakuwa na wasiwasi na mlango wa kwake. Jumatatu alimwaga changarawe nene pale, akaandika katika daftari la kazi, saa na tarehe, na tangu hapo alipita gizani bila kuangalia chini.

Saa moja na nusu alirudi na toroli lake, akamkuta Gunnel amelala chini mbele ya mlango. Alikuwa ameshuka kwenda kliniki. Mguu wake mmoja ulikuwa umeelekea upande ambao mguu hauelekei. Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Niliita, lakini hakuna aliyesikia."

Fidèle alimfunika kwa koti lake, akapiga simu, akapiga magoti kando yake akamshika mkono. Hapo ndipo alipoiona lami. Hapakuwa na changarawe hata punje moja. Chini ya barafu matope yalikuwa yameganda na michoro yake, nusu duara baada ya nusu duara, zimefuatana vizuri mpaka kwenye sanduku la njano. Michoro hiyo aliijua. Alikuwa ameikanyaga kila asubuhi ya utoto wake akienda shule, na kuchapwa kwa kuikanyaga.

Gari la wagonjwa lilipoondoka, alimwaga changarawe upya juu ya yote.

*

Ijumaa alasiri kengele ililia. Alikuwa Kjell, mkuu wa Fidèle, mtu mnene mpole mwenye ndevu za mvi, pamoja na mwanamke wa ofisini aliyebeba faili. Walivua viatu mlangoni, kama watu wa nchi ile wafanyavyo wote. Mama Orpha aliwaona wameinama wanafungua kamba, na moyo ukamjaa.

"Fidèle, batumishi bako bana adabu," alisema. "Kaa nabo. Niko naleta chai."

Fidèle aliwavutia wageni viti. Natacha alikuwa mwisho wa meza na hesabu zake.

Kjell alifungua daftari la kazi. "Umeandika Jumatatu umemwaga mlango wa saba, huu wenu."

"Nilimwaga."

"Nakuamini. Lakini Alhamisi hapakuwa na kitu. Jirani wa chini anasema alimwona mwanamke mzee, Mwafrika, akifagia siku mbili." Aligeuka kuelekea jikoni, kulikokuwa na mlio wa vijiko. "Ni mama yako?"

Mama Orpha aliingia na sinia: chai ya maziwa na tangawizi, na maandazi ya moto. Alimwekea Kjell kwanza, kwa mikono miwili. "Kunywa, papa," alimwambia.

"Ni mama yangu," Fidèle alisema.

"Basi nieleze, maana sielewi," Kjell alisema. "Unaishi naye. Kazi yako ni changarawe. Hukumwambia ni za nini?"

Sentensi ilikuwepo, tena fupi. Nilimdanganya mama yangu kuwa mimi ni mkubwa. Fidèle aliitafuta kwa Kiswidi na maneno yote aliyajua, lakini hayakupanda. Mtoto wake alikuwa mezani. Mama yake alikuwa amesimama pale na sinia kifuani, anameremeta.

Mwanamke wa ofisini akasema, "Mtoto wa Bi Gunnel anataka jibu la maandishi. Nyonga imevunjika."

"Kama ni uzembe wako," Kjell alisema, na ilimuuma kusema, "siwezi kutia saini tarehe thelathini na moja. Unalijua hilo."

"Ni mgonjwa," Fidèle alisema.

"Nani?"

"Mama. Kichwani. Tangu vita anasahau. Hajui yuko wapi. Anafikiri bado yuko kwao, basi anafagia. Leo ukimwambia kitu, kesho hakipo."

"Ule ugonjwa wa wazee? Wa kupoteza akili?" mwanamke aliuliza, kalamu tayari.

"Ndiyo. Huo."

Wote watatu wakamtazama Mama Orpha. Naye, kuona wageni wa mwanawe wanamtazama kwa upole namna ile, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Kjell aliweka kikombe chini. Uso wake ulilegea, kwa sababu jambo lilikuwa limepata jina, na katika fomu yao lilikuwa na mahali pake. Alisema mama yake mwenyewe alikwenda hivyohivyo. Alisema ungetuambia mapema, Fidèle, hakuna aibu. Mwanamke aliandika, akasema tu kwamba bibi asitoke tena peke yake. Penseli ya Natacha ilikuwa imesimama juu ya karatasi muda mrefu.

Walipoondoka Mama Orpha alikusanya vikombe. "Vile umeongea nabo," alisema. "Kiswidi inatoka sawa maji. Papa yako angekuona."

*

Laurentine aliambiwa usiku ule ule, jikoni, mlango umefungwa. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja nguo.

"Ile ugonjwa mi naijua," alisema. "Batu bake njo naosha kila siku. Mama yako haiko nayo."

"Najua."

"Ungesema ulimudanganya. Ni neno moja tu."

"Wewe ungesema?"

Laurentine alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. Valéry alikuwa amempigia simu jioni ile kumuuliza kama wameanza kupakia. Alimfikiria Natacha na shule yake, na sofa za watu wa kanisa huko Rinkeby ambazo walishazilalia mwaka mzima. Kama angetaka kuwa mtu mwema, nafasi ilikuwa hiyo hapo mbele yake.

"Basi asitoke," alisema.

Kuanzia siku hiyo ufunguo wa Mama Orpha ulipotea, na glavu zikapotea, na kila siku barafu ilikuwa nyingi sana nje, hata siku ambazo jua lilikausha lami kabisa. Siku ya tano mama alichemsha supu ya kuku, akaifunga chupa ndani ya taulo, akakaa sebuleni na kitambaa chake cha Jumapili kichwani kumsubiri mwanawe.

"Ule mama wa juu ameanguka," alisema. "Siku tano hatujaenda kumupa pole. Tuko banyama?"

"Hospitali hawakubali watu, Mama."

"Hata wewe? Si uko mukubwa wa hapa?"

"Hata mimi."

Supu ilinywewa na wenyewe. Laurentine alisema ina chumvi nyingi, ingawa haikuwa nayo.

*

Aliyesema ni Natacha, na hakusema kwa ubaya. Alirudi shuleni akamkuta bibi yake, anayemwita Koko kama watoto wote wa Kikongo, amekaa dirishani. Akasimama mbele yake na mkoba mgongoni.

"Koko, mi naitwa nani?"

"Natacha. Juu ya nini unaniuliza?"

"Leo ni siku gani?"

"Ya ine," alijibu, na kweli ilikuwa Alhamisi. "Umefanya nini ku shule, wewe?"

Mtoto akaanza kulia. Maneno yalitoka nusu Kiswidi nusu Kiswahili, na Mama Orpha alimshika mabega, akamwambia polepole, anza tena. Natacha akaanza tena. Papa alisema Koko ni mgonjwa wa kichwa. Alisema hajui yuko wapi. Yule mama aliandika.

"Walikuya juu ya nini, bale bazungu?"

"Juu ya mawe. Ulitoa mawe."

"Mawe ni ya nini?"

"Ya batu wasianguke."

Mama Orpha aligeukia dirisha. Nje, maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa, tone baada ya tone, na ulimi wa barafu ulikatika ukavunjikia chini.

"Kumbe ni mimi nilimuangusha," alisema.



"Na papa yako, kazi yake ni nini kabisa?"

"Anamwaga mawe. Anatosha theluji ku njia. Anabeba takataka. Na taa, zikifa." Mtoto alifuta pua kwa mkono wa koti. "Kjell ndiye chef, mukubwa wake."

"Ni kazi muzuri," Mama Orpha alisema. Alirudia, kama anayeongea na mtu mwingine: "Ni kazi muzuri. Juu ya nini alinificha?"

Hakulia wala hakumwambia mtu. Jioni alimenya viazi kama kawaida. Ila walipokuwa mezani alimgeukia Laurentine, akamuuliza kwa sauti ya mazungumzo tu, bale bazee ba kazini kwako, banafanyaka nini? Laurentine, aliyekuwa amechoka na hakufikiri, akamwambia. Mmoja anavaa nguo ndani nje. Mwingine anaficha chakula chini ya mto. Wengine hawasalimii mtu, wanaangalia tu ukuta. Fidèle alitazama sahani yake. Mama Orpha alisikiliza kama mwanafunzi.

*

Tarehe thelathini na moja ilikuwa Jumatano ya kabla ya Pasaka, na Kjell alikuja mwenyewe na karatasi. Hakulazimika. Angeweza kumwita ofisini. Lakini alitaka pia kumsalimia bibi, akaleta maua ya manjano na kijitabu cha kuwasaidia ndugu wa wagonjwa.

Asubuhi ile Mama Orpha alikuwa ametoka chumbani amevaa gauni ndani nje, mishono hadharani, mguu mmoja na soksi, mwingine mtupu.

"Mama, umegeuza nguo," Fidèle alimwambia.

 Mama Orpha alikaa kwenye kiti akautazama ukuta. Fidèle alimsogelea, na kengele ikalia.

Mama Orpha, katika miaka yake sitini na sita, hakuwahi kuacha mgeni aingie bila kusalimiwa, hata askari waliokuja kuchukua mbuzi zake aliwaambia jambo. Kjell aliinama mbele yake, akamwambia habari za asubuhi kwa sauti ya juu na ya polepole, na yeye alimpita kwa macho kama vile ni pazia. Alipopewa maua aliyapokea, akayaingiza chini ya mto wa kiti na kuyakalia. Laurentine, aliyekuwa mlangoni mwa jikoni, aliweka mkono mdomoni. Yeye ndiye wa kwanza kuelewa. Alitazama nyuma kumtafuta Natacha, na Natacha akatazama chini.

"Imekwenda haraka," Kjell alisema taratibu. "Wiki mbili tu."

"Ndiyo," Fidèle alisema.

"Bi Gunnel ataendelea kuishi, usiwe na wasiwasi. Hatatembea bila kigari, lakini ataishi. Mwanawe ameelewa. Hakuna mtu anayeweza kumlaumu mgonjwa." Akatandaza karatasi mezani, kurasa mbili, akamwonyesha kwa kidole. "Hapa, na hapa. Barua ya nyumba utaletewa baada ya sikukuu."

Fidèle alichukua kalamu. Mama Orpha alikuwa ameacha kuutazama ukuta. Aliitazama kalamu ile ikienda, jina la kwanza, jina la ukoo, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, na hakusogea mpaka kofia ya kalamu iliporudishwa.

Kisha akainuka. Alikuja mpaka mezani na mguu wake mmoja mtupu, akamshika mwanawe kidevu, akauinua uso wake kwenye mwanga wa dirisha. Alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa safi kabisa, na Fidèle aliyaona, na akajua kuwa anajua yote.

"Huyu mutoto ni wa nani?" aliuliza.

"Anasema nini?" Kjell aliuliza.

"Anauliza mimi ni mtoto wa nani."

"Mwambie," Kjell alisema kwa huruma. "Kijitabu kinasema inasaidia. Mwambie kila mara, polepole."

Mkono wa mama ulikuwa bado kidevuni pake, mgumu, una harufu ya sabuni.

"Ni wako, Mama," alisema. "Mi ni Fidèle. Ni wako."

Mama Orpha alifikiri. Akaachia kidevu, akajifuta vidole kwenye gauni, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya chini, "Huyu simujui," akarudi kwenye kiti chake.

Kjell alikuwa ameshasimama, anatafuta mikono ya koti. "Amesema nini?"

"Amesema hanijui," Fidèle akatafsiri.